Kashata Ndani ya Bomba

Juu ya benchi langu la kazi, pale Kariobangi Light Industries, kuna kipande cha bomba la alumini kinachoning'inia kwenye msumari. Upande mmoja ni mviringo safi, umekerezwa mpaka unang'aa. Upande wa pili umechanika mapande matatu yaliyojikunja kwa nje kama ganda la ndizi. Wateja wanaoniletea shafti za mashine za kusaga unga huuliza ni eksozi ya pikipiki gani hiyo. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema ni ya bodaboda fulani iliyogongwa, mambo yanaishia hapo.

Hapa nitaeleza, kwa sababu mpwa wangu ameniomba, na kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu na sijawahi kuiandika popote.

Mpwa huyu, mtoto wa dada yangu, anasomea uhandisi. Mwaka juzi alikuja na mchoro aliokuwa ameukunja mara nne mfukoni. "Mjomba, unaweza kunikerezea hii?" Nikaufungua juu ya mashine. Bomba la kipenyo cha milimita 54, ukuta milimita 2, na kwa ndani, karibu na kila mwisho, mfereji wenye kina cha milimita 1 wa kukalia saklipu, ringi ya chuma inayozuia kilichomo kisichomoke. Mbele kifuniko, nyuma nozeli ya grafiti, yaani mdomo mwembamba wa kutolea gesi ya moto. Mifereji ya saklipu nimekata maelfu, nikamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Ila alumini ni ghali. Nikamshauri atumie bomba la GI, lile la maji, lipo tele Gikomba na nguvu zake hazina mfano.

Akacheka kwa adabu, vile vijana hucheka wakigundua mzee hajui. "Mjomba, tukitumia GI hatutakuwa tumetengeneza roketi. Tutakuwa tumetengeneza bomu."

Kwa fundi hilo ni gumu kulimeza. Sisi tumezoea kwamba kitu kikiogopewa kupasuka, unaongeza chuma. Kwenye mota ya roketi, yaani lile bomba lenye fueli inayoisukuma, swali ni jingine: siku ikipasuka, itapasuka vipi? Bomba la chuma huweza kurusha vipande vizito vyenye kingo kali, vinavyokwenda mbali. Alumini laini huchanika na kufunguka, na nguvu nyingi huishia katika kule kujikunja. Bomba la PVC, ambalo wengi hulikimbilia kwa sababu ni rahisi, lina ubaya wake wa pekee: huvunjika vigae, na kigae kikimwingia mtu mwilini, eksirei haikioni vizuri. Daktari anatafuta kitu asichokiona. Tangu nisikie hilo, kila nikikata PVC ya sinki nalikumbuka.

Basi alumini. Nikaikereza, nikapima mfereji kwa kalipa ya vernia mara nne, mara tano, na usiku nikiwa kitandani nikaupima tena kichwani.

Ukubwa wa mota hizi hutajwa kwa herufi. A huishia nyutoni-sekunde 2.5, kipimo cha msukumo wote inaoutoa mota tangu iwake mpaka izime, na kila herufi inayofuata ina ukomo mara mbili ya ile iliyotangulia. Zile za kwanza kwanza ni za watoto, vijibomba vya karatasi ngumu. Ukivuka 160 unaingia H, na hapo ndipo wenyewe husema nguvu kubwa. Kule Marekani hununui mota ya H au I bila kwanza kurusha roketi mbele ya mashahidi ukapewa cheti. J hadi L unahitaji cha pili, pamoja na mtihani wa kuandika. M na kuendelea, cha tatu. Yetu ilikuwa K, yaani kati ya 1,280 na 2,560. Herufi moja haikutishi mpaka uipigie hesabu. Tairi la gari hapa mjini hujazwa presha ya 30 au 32. Ndani ya mota yetu mpwa wangu alitarajia kiasi cha 700. Ukiisambaza presha hiyo juu ya kifuniko chenye upana wa milimita 50, unapata msukumo wa karibu tani moja. Ni Probox tupu, kama umewahi kuona Probox tupu, imesimama juu ya kifuniko ambacho ukikishika kinajaa kiganja. Na kinachoizuia ni ringi ya chuma iliyokaa katika mfereji wa milimita 1 niliokata mimi.

Ndiyo maana nilikuwa silali.

Fueli yenyewe ilikuwa ya sukari, iliyochanganywa na shura, ile chumvi inayobeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko huungua hata pasipo hewa. Namna inavyopikwa sitaandika. Ikishapoa inakuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, ngumu, nzito kwa ukubwa wake, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kashata. Kila kipande ni mche wenye tundu katikati, na miche mitano ilipangwa ndani ya bomba mmoja baada ya mwingine.

Nilidhani fueli hii huungua yote kwa pamoja, kama baruti ya fataki. Sivyo. Huungua juu ya uso tu, tabaka kwa tabaka, kuanzia kwenye tundu kwenda nje. Gesi inayotoka hutafuta njia kwenye nozeli. Mhandisi hupanga uso unaoungua ulingane na upana wa koo la nozeli, kama unavyolinganisha moto wa jiko na tundu la mvuke la presha kuka. Vikilingana, presha inatulia na roketi inapaa.

Sasa fikiria mche mmoja una ufa. Moto huingia kwenye ufa, na ghafla uso unaoungua ni mkubwa kuliko ulivyopangwa, huku koo la nozeli ni lile lile. Presha inapanda. Na fueli nyingi za roketi huungua kasi zaidi presha ikipanda, kwa hiyo gesi inazidi, nayo inapandisha presha tena. Moto unajipalia wenyewe. Kuna fueli ambazo ukizidisha uso mara mbili, presha haiongezeki mara mbili, inafika mara nne. Hayo yote ni ndani ya sehemu ya sekunde, huna muda hata wa kusema "lala chini". Wenyewe huliita tukio hilo CATO, wakitamka "keito". Mara ya kwanza kusikia nilidhani vijana wanazungumzia ile dayati ya kuacha ugali.

Jaribio lilifanyika barabara ya Magadi, mbele ya Kiserian, mahali ambapo nchi inaanza kuteremka kwenda bondeni na joto linabadilika ukiwa bado kwenye gari. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa ametukubalia kutumia uwanda wake siku moja. Vibali na barua alizihangaikia mhadhiri wa mpwa wangu na wenzake kwa miezi, mwanamke mkimya ambaye wanafunzi wanamwita Madam na mimi pia nikajikuta namwita hivyo. Hatukuwa tunarusha chochote. Mota ilizikwa kwenye shimo nozeli ikitazama juu, chini yake kipimo cha msukumo, kando yake magunia ya mchanga. Unaiwasha, unasoma namba, unarudi nyumbani.

Madam akatoa kamba. Kanuni za Marekani kwa mota ya K zinataka watu wawe umbali wa mita 60 hivi; kwa L ni 90, kwa M ni 150. Yeye alikuwa na kamba ya mita 100 na akataka tufike mwisho wake, kisha tushuke kwenye korongo kavu na kulala nyuma ya ukingo. Nikaona anazidisha. Mota za viwandani, nikamwambia, ndizo zimepimwa umbali huo, na yetu ni kazi ya mkono wangu. Nilimaanisha nimeipima vizuri. Akanitazama. "Ndiyo, fundi. Ni kazi ya mkono."

Nilikuwa nimesimamisha simu yangu kwenye kistendi hatua 40 kutoka shimoni, na mpango wangu wa siri ulikuwa nibaki nayo nyuma ya mti wa mgunga. Madam hakunikataza. Alisimama tu hapo mwisho wa kamba bila kuhesabu chochote, mpaka nikaona haya nikarudi.

Mara ya kwanza haikuwaka. Kijana mmoja akainuka kwenda kuangalia waya, na hapo ndipo nilipomsikia Madam akipaza sauti siku ile. Kanuni inasema chomoa ufunguo wa usalama, kisha ngoja angalau dakika moja kabla mtu hajasogea. Tulingoja tano, tukiwa tumelala kwenye vumbi, mbuzi wa mzee wakitulilia kutoka ng'ambo. Katika kungoja kule akatusimulia habari za Alcântara, Brazil, Agosti 22, 2003. Roketi ilikuwa imesimama kwenye mnara wake, siku chache kabla ya kurushwa, mafundi wakiishughulikia. Mota moja ya fueli ngumu, isiyo ya majimaji, ikawaka yenyewe. Walikufa watu 21. Fueli ngumu haina bomba la kufunga, alisema. Ikianza imeanza.

Waya ulikuwa umechomoka. Wakaurudisha, wakaja mbio, tukalala tena.

Kwanza niliona, sauti ikafuata. Moshi mweupe ulitoka wima, mwembamba, ukavuma kama mvuke wa pasi, na nikawahi kufikiria, imekubali. Kisha pale shimoni pakawa peupe kote kwa mara moja, na kishindo kikatufikia kifuani kabla ya masikioni. Vumbi. Mbuzi wametawanyika. Mtu akataka kuinuka, Madam akamshika shati. Kikapita kimya kirefu, halafu kitu kikaanguka mahali fulani upande wa kushoto, puf, kama embe.

Simu yangu haikuguswa. Ningependa kukuambia ilifumuliwa, hadithi ingenoga, lakini ilikuwa imesimama pale pale na vumbi juu yake. Kilichonifanya nikae chini ni gunia. Gunia moja la mchanga, lile la upande wa mti wangu, lilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kingeingia, na mchanga ulikuwa bado unatiririka polepole, kama unga unaovuja dukani. Nikatia mkono. Nikatoa kipande cha alumini, kimejipinda, moto bado. Kwenye ukingo wake mmoja niliutambua mfereji wangu.

Saklipu ndiyo iliyoanguka kama embe. Nozeli hatukuiona.

Nilijua ni mfereji. Nilikaa kando nikijipanga namna ya kuomba radhi. Lakini vijana walikuwa wakiokota kitu kingine: vipande vya fueli visivyoungua, vimetapakaa mpaka nyuma ya mgunga, vyeupe juu ya udongo mwekundu kweli kama mtu amemwaga kashata. Mpwa wangu akamletea Madam kimoja. Kilikuwa kimevunjika muda ule ule upande mmoja, uso wake ukimetameta. Upande mwingine kulikuwa na mpasuko uliofifia, wenye kingo zilizolainika na weusi wa moshi umeingia ndani kabisa. Ufa ule ulikuwepo kabla ya moto. Na kwenye kompyuta mstari wa msukumo ulionyesha hivyo hivyo: kupanda kwa kawaida, kisha ukuta.

"Hii fueli ililala wapi?" Madam akauliza.

Mpwa wangu akanitazama mimi.

Ililala kwangu. Barua za vibali zilitaja stoo ya kuiwekea, yenye kufuli, mbali na watu. Lakini stoo hiyo ilihitaji saini mbili na funguo kutoka kwa mtu ambaye wikendi hapatikani, na kijana akaona ni rahisi zaidi kuitoa mapema na kuniletea. Siku 11 ilikaa juu ya boriti za karakana yangu, ndani ya boksi la viatu, mwezi wa Februari. Juu yake ni mabati. Mchana wa Februari chini ya mabati yale mimi mwenyewe hukimbilia nje; usiku wa manane yanatoa maji kwa baridi. Ukipasha kashata na kuipoza, ukaipasha tena na kuipoza, siku 11, usishangae. Na fueli ya sukari hunyonya unyevu pia. Siwezi kuapa kwamba ndicho chanzo pekee, ila katika wote waliokuwa pale hakuna aliyekuwa na maelezo mengine.

Nilitegemea agombe. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida: jirani yako ukutani anafanya kazi gani?

Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea. Ukuta wetu ni bati moja lenye matundu ya misumari. Wakati mimi napima mfereji kwa vernia, cheche zake zilikuwa zikiruka futi chache kutoka kwenye lile boksi, na upande wa pili kuna mama wa chai mwenye jiko la makaa, na watoto wake wakitoka shule huja kukaa hapo. Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na mimi nilikuwa nikiidhani ni ya watu wa machimbo.

Baadaye, kwa sababu ya aibu zaidi kuliko elimu, nilianza kusoma. Nikakuta sikuwa wa kwanza. Mwaka 1941 kundi la akina Jack Parsons, watengenezaji wa roketi wa Pasadena, Marekani, lilikuwa likitengeneza mota za kusaidia ndege kupaa. Zikiwashwa siku ile ile zilipopakiwa, zilifanya kazi. Zikikaa siku kadhaa, zililipuka. Joto na baridi ya stoo viliivuta na kuisukuma fueli mpaka ikafanya nyufa. Mwaka 1942 Parsons akaachana na poda iliyoshindiliwa, akatumia lami, hii hii ya barabara, kushikanisha fueli ili inyumbulike badala ya kupasuka. Mota kubwa za siku hizi hutumia aina ya mpira kwa sababu hiyo hiyo. Fueli ya sukari haina wa kuinyumbulisha.

Halafu kuna oringi, zile ringi za mpira za kuziba viungo. Mimi oringi nazijua, nazibadilisha kwenye jeki za hadroli kila wiki, na sijawahi kuzipa heshima. Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa, kwa sababu oringi za kiungo kimoja cha roketi ya kulia zilikuwa zimekakamaa kwa baridi, gesi moto ikapenya. Mwanafizikia Richard Feynman aliionyesha dunia kwa gilasi ya maji ya barafu na kipande cha mpira. Mota za kununua, zile za bomba linalojazwa upya, nazo hukaa juu ya oringi hizo hizo, ndogo ndogo. Moja ikikunjwa wakati wa kuunganisha, au ikae na chembe ya mchanga, moto unatoboa bomba ubavuni.

Aliyenigusa zaidi ni muuza viatu. Orville Carlisle, wa Norfolk, Nebraska, mwaka 1954 pamoja na ndugu yake alitengeneza roketi ndogo ya karatasi yenye mota ya kutumia mara moja. Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, iliporuka Oktoba 1957, vijana wa Marekani walikuwa wakijaza kemikali kwenye mabomba ya chuma na kuumia. G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, aliiona mota ya Carlisle kuwa jibu: kijana ajenge roketi, mota aikute imeshatengenezwa kiwandani, asiiguse fueli kabisa. Wazo zima la usalama wa mchezo huu limesimama hapo. Na hapo ndipo sisi tunapokwama. Sijaona duka Nairobi ninaloweza kuingia nikanunua mota ya K yenye cheti. Kijana mwenye hamu hapa huanza moja kwa moja na kile ambacho Stine alitaka asikiguse. Cha ajabu ni kwamba fueli ngumu si ngeni kwetu: Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwa roketi ya Scout, hatua zake zote nne za fueli ngumu. Mimi nilikuwa nimefika umri huu nikidhani roketi ni mambo ya kwa wenyewe.

Jaribio la pili liko njiani. Stoo sasa ina saini moja na mlinzi mwenye simu, Madam alisimamia hilo. Boriti zangu zina kanda za mashine tu. Alikuja mwenyewe kuzitazama, akanywa chai kwa yule mama, akaondoka bila kusema kitu. Nimekata mifereji upya, na safari hii tumekubaliana nozeli ishikwe kwa namna ya kuachia mapema, kabla bomba halijachanika, ili pakitokea balaa litokee juu, lisitokee ubavuni. Kamba niliinunua mimi, Kamukunji, mita 150.

Grafiti ya nozeli hatujaipata mpaka leo. Yule mzee amewaambia watoto wake wanaochunga: mkiona jiwe jeusi lenye tundu katikati, mpigieni fundi wa Nairobi. Nimepigiwa mara mbili, na mara zote mbili nimepanda matatu mpaka Kiserian, kisha bodaboda. Yalikuwa mawe.